Reli ya Kusini: shehena ilifika miaka 55 baada ya treni kuondoka

Mtwara kuna kata inayoitwa Reli, na Nachingwea kuna kata inayoitwa Stesheni. Katika miji hiyo miwili hakuna treni. Iliwahi kuwepo, ikafungwa mwaka 1962, na reli zenyewe zikang'olewa. Ukimuuliza mtu wa kusini ilikuwaje, mara nyingi atakumalizia kwa sentensi moja: Waingereza walikuja kulima karanga, karanga zikawashinda, wakafunga virago na reli yao.

Jibu hilo lina ukweli, ila linaruka mengi. Mradi wa karanga ulitangazwa kufa Januari 1951. Reli iliendelea kufanya kazi miaka 11 baada ya hapo, na ilipofungwa Tanganyika ilikuwa tayari nchi huru. Tena ndani ya nchi hii hii lipo tawi jingine la reli lililojengwa miaka ile ile, lenye urefu unaokaribiana na ule wa kusini, ambalo nalo lilipoteza shehena iliyolizaa, na hadi leo lipo. Habari za karanga kushindwa zimeandikwa mno. Kinachonishughulisha hapa ni reli: kwa nini haikuweza kuishi bila karanga?

Shamba la kwenye karatasi

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na majarini yaligawiwa watu kwa mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipeleka serikalini wazo la kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki. Ujumbe wa wataalamu ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki chache ukarudi na mpango wa mashamba 107, kila moja ekari 30,000, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaubeba.

Mradi huo ukitajwa, watu huikumbuka Kongwa na vioja vyake: matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita, na udongo uliokauka kiangazi ukawa mgumu kama saruji. Lakini katika mpango wenyewe Kongwa ilikuwa sehemu ndogo tu. Tanganyika ilipangiwa mashamba 80 kati ya yale 107, na katika hayo 80, Jimbo la Kusini peke yake lilipewa 55. Zaidi ya nusu ya mpango mzima ilikuwa imewekwa kusini, Nachingwea na maeneo ya jirani, kwenye mvua ya kuaminika kuliko ya Kongwa. Kongwa ilitangulia kwa sababu ilikuwa karibu na Reli ya Kati. Kusini hakukuwa na reli ya kubeba shehena kama hiyo, wala bandari ya kufikia meli kubwa. Wajerumani waliwahi kupima njia ya reli kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, ikaishia kwenye makabrasha.

Sasa tazama hesabu iliyoizaa reli. Mpango ulitarajia tani 600,000 za karanga kwa mwaka. Ukizigawa kwa uwiano wa mashamba, kusini ingetoa kama tani 300,000 kila mwaka. Namba hiyo ni yangu, nimeipata kwa kugawanya tu, lakini inaonyesha ukubwa wa kilichokuwa vichwani mwa waliotoa amri ya kujenga. Hakuna barabara ya vumbi ya mwaka 1947 ambayo ingebeba mzigo huo, na bado kulikuwa na mzigo wa kuingia: matrekta, mafuta, vipuri, saruji, chakula cha wafanyakazi. Kwa mtu aliyeziamini tani hizo, kujenga reli na bandari ulikuwa uamuzi wa kawaida kabisa. Tatizo ni kwamba tani zenyewe hazikuwa zimepitia shamba la majaribio. Reli ilijengwa kwa ajili ya zao ambalo hakuna aliyejua kama litaota kwa wingi huo.

Njia yenye mikono miwili

Ghuba ya Mtwara ina kina kirefu na imekingwa vizuri dhidi ya mawimbi, ndiyo maana ilichaguliwa kuwa bandari ya mradi. Lakini bandari ya namna hiyo haijengwi kwa msimu mmoja, na matrekta yalikuwa yakisubiriwa. Kwa hiyo ikapatikana njia ya haraka: Mkwaya, ndani ya mkono wa bahari wa Lindi, ambako matishali yangeweza kushusha mizigo. Reli ikaanzia hapo, kwa upana wa mita moja kama zilivyokuwa reli nyingine kuu za Tanganyika, ikapita Ruo na kufika Nachingwea. Ilifunguliwa mwaka 1949. Baadaye mkono wa pili ukajengwa kutoka Mtwara, ukapita kaskazini mwa uwanda wa juu wa Makonde na kuungana na wa kwanza hapo Ruo. Kutoka Mtwara hadi Nachingwea ilikuwa kama kilomita 200. Mwishoni mwa miaka ya 1950 likaongezwa tawi la kwenda Masasi. Msimamizi wa yote hayo alikuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ambalo lenyewe lilikuwa changa, limeundwa mwaka 1948.

Sasa linganisha tarehe. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza mwisho wa mradi na kufuta pauni milioni 36.5. Gati la Mtwara, lenye mita 385 na nafasi ya meli mbili kwa pamoja, lilikamilika mwaka 1954. Bandari ilifunguliwa miaka mitatu baada ya shehena iliyokuwa ikiingojea kuzikwa.

Wengi huona hapo upumbavu mtupu. Mimi siwalaumu sana. Kazi ilikuwa imefika mbali, fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kuzama, na utawala wa Tanganyika ulitumaini kwamba reli na bandari zitaamsha jimbo lililosahaulika. Mashamba ya Nachingwea nayo hayakuachwa mara moja. Yaliendelea kwa kiwango kidogo chini ya Tanganyika Agricultural Corporation. Kosa la kweli lilifanyika mapema zaidi, pale njia ilipochorwa, na halikuonekana mpaka karanga zilipotoweka.

Mzigo ulikuwepo, ila mahali pengine

Reli isiyo na zao lake hutafuta zao la jirani. Kusini hakukuwa jangwa. Kulikuwa na mkonge, kulikuwa na ufuta, na korosho ilikuwa ikipanda kila mwaka. Mbona basi treni ilitembea kwa hasara?

Mkonge ulikuwa karibu na pwani ya Lindi. Shamba lililo jirani na bahari halihitaji reli ya kilomita 200.

Korosho ndiyo hadithi yenyewe. Mikorosho mingi iko Newala, Tandahimba na maeneo yanayouzunguka uwanda wa Makonde. Wachora njia hawakuwa na haja ya kupanda huko juu, kwa sababu karanga zingelimwa Nachingwea. Treni ikauzunguka uwanda na kuuacha. Fikiria basi mfanyabiashara mwenye magunia Newala. Lazima ayapakie kwenye lori kwanza. Akishayapakia ana njia mbili: ateremke hadi stesheni, ayashushe, ayapakie kwenye behewa, yashushwe tena bandarini, au amwambie dereva asonge mbele hadi Mtwara au Lindi. Watu wa uchukuzi wanajua kwamba gharama ya safari fupi haiko sana kwenye mwendo, iko kwenye kupakia na kushusha. Treni hushinda pale mzigo unapopakiwa mara moja tu na kusafiri mbali. Kwa korosho ya Newala haikuwa na hata moja kati ya hayo.

Halafu kuna msimu. Korosho huvunwa kwa miezi michache kuelekea mwisho wa mwaka, ufuta na karanga katikati ya mwaka. Katikati ya misimu hiyo behewa husimama. Mtu wa lori akikosa mzigo kusini huenda kuutafuta kwingine, au huliegesha lori na kumpa dereva likizo. Reli haiegeshwi. Tuta likiliwa na mvua lazima lijazwe hata kama wiki hiyo hakuna gunia lililopita. Wafanyakazi wa njia wapo, karakana ipo, vichwa vya treni vinahitaji mafundi. Na kila treni iliyokwenda pwani imejaa ilirudi bara na mzigo kidogo.

Hapo ndipo inapoingia sababu ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote. Reli ya Kusini ilikuwa kisiwa. Haikuungana na Reli ya Kati wala na reli nyingine yoyote. Behewa lililokosa kazi Nachingwea halingeweza kupelekwa kubeba pamba au kahawa kwingine bila kwanza kupakiwa melini. Kichwa kilichoharibika vibaya hakikuwa na jirani wa kukisaidia. Kila kitu kilihitaji kuwepo pale pale, kwa ajili ya njia hiyo moja tu.

Kwa nini Mpanda imebaki

Mwaka 1950, reli ya kusini ikiwa ndiyo kwanza imeanza, tawi la Kaliua hadi Mpanda lilifunguliwa, kilomita 210. Lilijengwa kwa ajili ya risasi, yaani madini, iliyochimbwa Mpanda na kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ukafungwa mwaka 1960. Kwa mantiki ya "shehena imekufa, reli nayo ife", tawi hilo lilistahili kung'olewa kabla ya lile la Nachingwea. Halikung'olewa. Wenyeji wa Mpanda wameendelea kulitegemea, pamoja na adha zake zote.

Tofauti iko Kaliua. Pale tawi linaungana na Reli ya Kati, kwa hiyo gunia likipakiwa Mpanda linaweza kushushwa Dar es Salaam bila kuguswa njiani. Mabehewa ni ya wote, mafundi ni wa wote. Hata hasara yake huchanganyika na hesabu za mtandao mzima, haikai peke yake kwenye ukurasa ikimkodolea macho mhasibu. Hasara ya kusini ilikaa peke yake, na ilikuwa rahisi kuikata kwa sababu hakuna treni nyingine ambayo ingekosa kitu.

Tofauti ya pili ni bahari. Mpanda haikuwa na njia nyingine ya maana. Kusini kulikuwa na meli ndogo za mwambao na majahazi, na bahari haidai mataruma, yale magogo au vyuma vinavyolazwa chini ya reli.

Nikiri kwamba hoja ya kuungana haimalizi kila kitu. Tawi la Msagali hadi Kongwa, lililojengwa kwa karanga hizo hizo, lilikuwa limeungana na Reli ya Kati na bado likafungwa miaka ya 1950. Lakini lilikuwa fupi mno. Umbali ule lori huumaliza kabla treni haijapangwa. Kuungana kunasaidia pale ambapo umbali nao unaipa treni faida.

Je, ingefika wapi?

Kuna manung'uniko ya muda mrefu kwamba kung'olewa kwa reli ndiko kulikoitenga kusini. Nayaelewa, ila sikubaliani nayo. Reli ile haikuwahi kuiunganisha kusini na sehemu nyingine za nchi. Iliunganisha Nachingwea na bahari. Kilichowatesa wasafiri wa Lindi na Mtwara kwa miongo ni Mto Rufiji na barabara iliyogeuka tope kila masika, na Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Treni ya Nachingwea hadi Mtwara isingemfikisha mtu Dar es Salaam hata ingekuwepo.

Upande wa korosho, wanaosema reli ilifungwa mapema wana hoja. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha tani 145,000 za korosho, rekodi iliyodumu kwa miaka mingi. Ila hata rekodi hiyo, ya nchi nzima, haikufika nusu ya zile tani 300,000 za kwenye karatasi. Kisha likaja anguko. Wakulima walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao; ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukaingia mashambani; bei ikakatisha tamaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 20,000. Katikati ya hayo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na shirika la reli la pamoja likagawanywa vipande. Naamini njia ya kusini ingefika miaka hiyo ikiwa hoi, na ingefungwa wakati huo badala ya 1962. Ingekuwa imefanya kazi miaka kumi na tano zaidi, pengine ishirini.

Kilichobaki

Baki kubwa kuliko yote ni Mtwara yenyewe. Mji ulipangwa uwe mji wa bandari ya shehena kubwa, ndiyo maana barabara zake ni pana na maeneo yake yameachana: Shangani ya Wazungu pembeni mwa bahari, Chikongola ya Waafrika kule, na katikati nafasi iliyosubiri watu wengi ambao hawakuja wakati huo. Lindi, mji mkongwe, ulipoteza hadhi ya makao makuu ya jimbo kwa mji huo mpya, na ikabidi ingoje hadi 1971 kupata mkoa wake.

Nachingwea nayo ni mtoto wa mradi. Shamba mojawapo, maarufu kwa jina la Farm 17, lilikuja kuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, na Samora Machel ni miongoni mwa walioiongoza. Ardhi iliyofyekwa ili Mwingereza apate majarini ikawaandaa wapiganaji wa kumwondoa Mreno Msumbiji. Na kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya Mtwara, kinachoongoza utafiti wa korosho nchini, kina karanga kwenye orodha ya mazao yake. Zinastawi vizuri tu, kwa mkulima mdogo na jembe lake.

Anayetafuta njia yenyewe ya treni inambidi ajifunze kuisoma ardhi. Chuma ndicho hutoweka kwanza. Popote reli ilipong'olewa nchini, vipande vyake vimegeuzwa nguzo, vizingiti vya madirisha na kengele za shule zinazoning'inia mtini. Mataruma ya chuma, ambayo reli nyingi za Tanganyika ziliyatumia kwa sababu mchwa hula mbao, nayo ni lulu kwa mtu anayejenga. Kinachobaki ni udongo. Treni haiwezi mlima mkali wala kona ya ghafla, kwa hiyo tuta lake hupanda polepole sana na kupinda kwa upinde mrefu. Likikutana na kilima hukikata, likikutana na bonde hulijaza. Barabara ya kijiji haina subira hiyo. Pembeni mwa tuta huwa kuna mashimo yaliyochimbwa udongo wa kulijazia, na masika hugeuka madimbwi yaliyopangana mstari mmoja. Makaravati ni ushahidi mzuri kuliko yote: ukiona tundu la zege lililojengwa kwa uangalifu chini ya njia ambayo leo hupitwa na baiskeli tu, jiulize nani aligharimia.

Picha za setilaiti husaidia, hasa mwisho wa kiangazi majani yakiwa yamekauka. Tafuta upinde mrefu unaokata mashamba bila kujali mipaka yake, kisha ulinganishe na ramani za zamani za upimaji. Ila upande wa Lindi pana mtego. Mashamba ya mkonge yalikuwa na reli zake nyembamba za trola, na Vita vya Kwanza vya Dunia viliacha reli nyembamba nyingine kuelekea Masasi. Tuta jembamba lenye kona za ghafla si la treni ya Nachingwea. Nimeona picha zikisambazwa kwa jina la Reli ya Kusini ambazo kwa macho yangu ni za trola za mkonge, hata upana hauendani.

Tani 300,000 hatimaye

Msimu wa 2017/18 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 313,000 za korosho, sehemu kubwa ikitoka mikoa ya kusini. Ndiyo namba ile ile ya kwenye karatasi, miaka 55 baada ya treni kufungwa, kwa zao ambalo wapangaji wa 1946 hawakulipangia hata stesheni. Ilisafirishwa kwa malori. Siku hizi makaa ya mawe ya Ruvuma nayo huteremka kwa malori hadi bandari ya Mtwara, na gati jipya limeongezwa pembeni mwa lile la 1954.

Serikali imekuwa na mpango wa reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, kama kilomita 1,000, pamoja na matawi ya Mchuchuma na Liganga kwa ajili ya makaa na chuma. Tuta la zamani halitausaidia sana: kona zake zilipimwa kwa treni za mwendo mdogo, na upande wa Mtwara mji umeshakua juu yake. Reli hiyo nayo itaanza ikiwa kisiwa, kutoka bahari hadi ziwa, bila kugusa Reli ya Kati. Safari hii angalau mzigo umetangulia reli, na umbali ni wa kuipa treni faida. Mimi nitakachokitazama kwanza kwenye michoro ni stesheni za upande wa mashariki. Kama hakutakuwa na mahali pa kupakia karibu na maghala ya korosho ya Masasi, Newala na Tandahimba, magunia yatapanda lori kama yalivyopanda mwaka 1958, na dereva ataambiwa asonge moja kwa moja hadi bandarini.